Deraya Inayotembea

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kwa saa za sayari ndogo ya Seresi, sumaku za ubavu wa kulia wa manowari Kipanga ziliwashwa na deraya yake ikaanza kutembea.

Ilitoka mkiani kama kivuli, ikapanda juu ya bomba la injini, ikapita tumboni mwa meli na kutulia puani, imejikusanya mbele ya mzinga wa kwanza ikiwa na unene sawa na urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka bega hadi kiganja. Nyuma yake chuma cha meli kilibaki kitupu, chembamba, kinang'aa. Watu waliosimama nyuma ya kioo cha chelezo, kiwanda cha kuundia meli, hawakupiga makofi. Walikuwa wakitazama saa. Safari nzima, kutoka mkiani hadi puani, ilikuwa imechukua sekunde nne.

"Wiki iliyopita ilikuwa tano na nusu," alisema Pandu Usi, fundi mkuu wa injini. "Umeilisha nini?"

"Umeme wako," alijibu Zawena Msangi, msanifu mkuu wa meli. "Nimechota kidogo kwenye injini."

"Kidogo! Bibie, hata mwizi wa kuku akikamatwa husema alichukua kidogo."

"Ukiwa unautumia wote, Pandu, nitaurudisha."

Deraya ile ilikuwa chembe za chuma, ndogo kuliko punje za ulezi, zilizoshikamana kwa nguvu ya sumaku zilizopangwa chini ya ngozi ya meli. Katika michoro iliitwa deraya ya sumaku. Mafundi waliiita uji, na jina hilo lilikuwa limeshaingia hata katika taarifa za majaribio.

Ili kuuelewa uji, ilibidi mtu aielewe kwanza Ngome, manowari ya Umoja wa Palasi, ambayo kwa mwaka wa pili sasa ilikuwa imeifunga njia ya angani ya kusafirishia maji kati ya Seresi na makazi ya nje. Ngome ilikuwa na uzito wa tani elfu kumi na mbili, na zaidi ya nusu yake ilikuwa deraya. Waliomsanifu mnyama huyo hawakuwa wajinga. Walitaka mizinga mikubwa. Mizinga ikahitaji kulindwa, wakaongeza deraya. Deraya ikaifanya meli nzito, wakaongeza injini. Injini ikataka tangi kubwa la fueli, na tangi likataka deraya yake. Walipofika mwisho wa mzunguko huo walikuwa na meli isiyopigika na isiyoweza kumfukuza mtu yeyote. Wasanifu wote wa manowari hupita katika mzunguko huo. Tofauti yao ni mahali wanapoamua kutoka.

Zawena alitoka katika mzunguko huo kwa swali dogo. Vita vya angani hupiganwa kwa umbali ambao kombora huchukua zaidi ya dakika moja kufika, na rada huliona tangu linapotoka mdomoni mwa mzinga. Kombora moja hupiga mahali pamoja. Kwa nini basi chuma kiwe kila mahali?

Kipanga ilikuwa na tani elfu tatu. Ilibeba deraya ya kufunika sehemu moja ya tisa ya mwili wake, na mtambo mmoja wa umeme uliogawiwa mara tatu: kwa mizinga, kwa sumaku na kwa injini. Katika Ngome mgawo huo ulikuwa umeamuliwa mezani, kwa kalamu, miaka mingi kabla ya vita. Katika Kipanga aliugawa nahodha mwenyewe, kwa mikono ya chuma mitatu iliyokuwa mbele ya kiti chake, kadiri vita vilivyokwenda. Meli ile ile ingeweza kuwa ngome kwa sekunde tano, kisha ikawa mshale. Hakuna chelezo kilichowahi kujenga kitu cha namna hiyo, na wazee wa kazi waliokuja kuitazama waliizunguka mara mbili mbili kabla ya kutoka.

Lilibaki jambo moja ambalo chuma hakikuweza kulijibu. Makombora mawili yakija pamoja, yakielekea sehemu mbili, na uji ukatosha moja tu, mitambo ya hesabu ilihitaji kujua ni ipi itangulie. Mtu ilibidi aandike mfuatano wa vyumba.

*

Nahodha Lukindo Shemhilu alikuja ofisini kwa Zawena siku ya kukabidhiwa meli. Alikuwa mtu mrefu, mwenye tabia ya kuketi ukingoni mwa kiti kana kwamba ataondoka sasa hivi, kisha kukaa saa nzima.

"Nimeusoma mfuatano wako," alisema. "Mtambo wa kwanza, sawa. Tangi la pili, sawa. Zahanati ya tatu. Chumba cha uongozi cha nne. Mke wangu nitamwambiaje, kwamba mimi nimewekwa nyuma ya bandeji?"

"Mwambie chumba chako kina watu wanne na wote wamevaa nguo za hewa, za kupumulia meli ikitoboka. Aliye zahanati hawezi kuvaa."

"Na ukumbi wa chakula ni wa mwisho."

"Vita vikianza hauna mtu."

"Utakuwa na mtu mmoja."

"Najua, Nahodha. Mto wangu nimeshaupeleka."

Lukindo alicheka, kisha akaacha.

Alikuwa akizungumzia desturi ya chelezo cha Seresi inayoitwa kukalia hesabu. Katika safari ya kwanza ya meli, msanifu husafiri nayo, na meli ikiingia katika hatari hukaa katika chumba ambacho hesabu zake mwenyewe zimekipa ulinzi mdogo kuliko vyote. Hapewi adhabu wala heshima kwa kufanya hivyo. Hupewa kiti na mkanda. Kwa sababu ya desturi hiyo, vyumba vya mwisho vya meli za Seresi vilikuwa vizuri kuliko vyumba vya kwanza vya meli za wengine. Zawena alijua kwamba tani sita za chuma zingeutosha ukumbi wa chakula. Alijua pia tani sita zingeipunguzia Kipanga mwendo kiasi gani. Alipiga hesabu, akairudia, akauacha ukuta ulivyo.

Desturi ilikuwa na sehemu ya pili. Mpaka safari ya kwanza iishe, ufunguo wa mfuatano hubaki mkononi mwa msanifu.

"Kwa hiyo nikitaka chumba kipande au kishuke," alisema Lukindo, "nakuomba wewe."

"Unaniamuru. Mimi nageuza."

"Nikuulize kitu, dada Zawena, na usinijibu kama mhandisi. Ukiwa mle ndani, makombora yanakuja, utajuaje kwamba unachokitaka ni kwa faida ya meli, na si ya ngozi yako?"

Zawena alifikiri.

"Sitajua," alisema. "Ndiyo maana mfuatano nimeuandika nikiwa nje."

*

Ngome ilionekana siku ambayo Kipanga ilikuwa ikiyasindikiza matishari matatu, meli za kubebea barafu, kuelekea makazi ya nje. Matishari yalibeba maji, na juu ya maji yalibeba familia zilizokuwa zikirudi kwao: watu mia mbili na zaidi katika kila moja. Mbele yao ulikuwapo mwamba mkubwa unaoelea, na nyuma ya mwamba huo mizinga ya Ngome isingewafikia.

Katika nusu saa ya kwanza Kipanga ilifanya yote iliyosanifiwa kufanya. Ngome ilipiga mikupuo ya makombora manne manne. Lukindo aliisukuma meli huku na huko, na makombora mengi yakapita mahali ilipokuwa sekunde chache kabla. Yaliyofuata njia sahihi yaliukuta uji umeshafika. Ukumbini, Zawena akiwa amejifunga mkanda kwenye kiti cha mwisho wa meza, aliusikia ukipita chini ya miguu yake, mchakacho kama wa mchele unaomiminwa kwenye debe, halafu mshindo mmoja mzito upande mwingine wa meli, halafu mchakacho tena. Mizinga ya Kipanga ilijibu kati ya mshindo na mshindo. Mara mbili Ngome ilibidi igeuke kulinda bomba lake la nyuma, jambo ambalo haikuwahi kulazimishwa kulifanya na meli yoyote.

"Mhandisi!" ilisikika sauti ya Pandu kwenye kipaza sauti. "Umekaa vizuri huko mezani? Chai imeiva?"

"Hakuna anayepika."

"Basi nitakuja mwenyewe. Meli yako haina adabu, bibie, lakini inacheza!"

Katika mkupuo wa saba kipande cha kombora lililokwisha kuvunjwa na uji kiliruka pembeni na kuingia katika ujia wa mizinga. Hapakuwa na kosa katika hesabu, vipande huruka. Dakika tatu baadaye mlango wa ukumbi ulifunguliwa, na Daktari Siwema Mhina akaingia akivuta machela, na nyuma yake machela nyingine, na mabaharia watatu walioshikana mabega.

"Ondoa hivyo vikombe," alimwambia Zawena. "Baba, lala hapa. Hiza, mwanangu, wewe huku, mguu juu."

"Daktari," alisema Zawena, "kwa nini hapa?"

"Majeruhi huletwa mezani. Siku zote." Siwema alikuwa ametumikia meli nzito miaka kumi na moja, na katika meli nzito ukumbi wa chakula huwa katikati kabisa, nyuma ya kuta zote. "Meza ni ndefu, maji yapo, taa ipo. Shika hapa. Bana."

Zawena alibana. Damu ilikuwa na joto kuliko alivyotarajia.

"Zahanati ni ya tatu katika mfuatano. Hapa ni pa mwisho."

"Zahanati ina vitanda viwili. Mimi nina watu watano."

"Nilikadiria wawili."

"Ungeniuliza," alisema Siwema bila ukali. Alikuwa akikata suruali ya Hiza kwa mkasi.

"Daktari, dada huyu ndiye aliyeunda meli?" aliuliza Hiza, mpiga mzinga, akiwa amefumba macho. "Mwambie mzinga wangu ni mtamu. Ujia ndio mbovu."

Zawena aliangalia kioo kidogo cha mitambo ya hesabu kilichokuwa ukutani karibu na kiti chake. Ujia waliopitia ulikuwa umepoteza hewa, na milango yake ilikuwa imejifunga. Majeruhi wasingeweza kurudishwa. Nguo zao za hewa zilikuwa zimekatwa ili wafungwe bandeji, na Siwema alikuwa ameiacha yake zahanati. Matishari mawili yalikuwa yameshapita mwamba. La tatu lilikuwa limebaki nyuma, na sasa Kipanga ilisimama moja kwa moja kati yake na Ngome.

Akabonyeza kitufe cha kuzungumza na chumba cha uongozi.

"Nahodha, nakupa taarifa, si ushauri. Ukumbi una watu saba. Sita hawana nguo za hewa, pamoja na daktari. Mfuatano unadhani hauna mtu."

"Nimekusikia."

"Sishauri kitu kwa sababu mimi ni mmoja wa hao saba."

"Nimekusikia, dada." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mkupuo umetoka. Manne. Hatuwezi kukwepa, tukisogea, yatalipata tishari. Pandu, nauchukua umeme wako wote, naupeleka kwenye sumaku."

"Chukua," alisema Pandu. "Meli ikisimama injini naitazama tu."

Injini zilinyamaza. Meli iliyojengwa ili isiguswe sasa ilikuwa ukuta, na kwa kuwa ilikuwa imetulia, hesabu ya mahali yatakapopiga makombora haikuwa ya kukisia tena. Ilitokea kwenye kioo ikiwa na uhakika ambao Zawena hakuwahi kuuona hata katika majaribio. Kombora la kwanza: mtambo. La pili: tangi la fueli. La tatu: ukumbi wa chakula. La nne: chumba cha uongozi, kwa pamoja na la tatu. Zilibaki sekunde sitini na tano.

Kwa umeme wote wa injini uji ungefika mahali patatu. Mahali pa nne usingefika.

"Unaona ninachokiona?" aliuliza Lukindo.

"Naona. Mfuatano utakuchagua wewe."

"Tukipigwa bila uji, sisi hapa. Niambie."

Zawena hakulainisha. "Kila mtu, nafasi moja kati ya tatu ya kupona, kwa sababu mna nguo. Usukani, nusu kwa nusu."

"Na ukumbi?"

"Wasio na nguo hawana nafasi."

"Basi upandishe ukumbi. Sisi tushuke."

Mkono wa Zawena ulikuwa kwenye ufunguo tayari, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa na hoja. Ilikuwa hoja nzuri: sita wasio na kinga dhidi ya wanne wenye kinga. Lakini hoja nyingine nayo ilikuwa nzuri, kwamba chumba cha uongozi ndicho chenye usukani, na meli isiyo na usukani ina watu thelathini na mmoja ndani yake. Kule ofisini angezipima zote mbili kama mizani inavyopima. Leo mizani yenyewe ilitaka kuishi.

"Mnaweza kutoka humo," alisema. "Sekunde hamsini zinatosha."

"Na tishari? Kipande kikiruka, nani atakipiga? Mizinga inaongozwa kutoka hapa."

"Nahodha, nimo ndani ya chumba ninachokipandisha."

"Najua ulipo, desturi ndiyo iliyokuweka. Sikukuuliza unataka nini. Mimi Lukindo Shemhilu, nahodha wa Kipanga, nakuamuru uupandishe ukumbi wa chakula juu ya chumba cha uongozi. Imesikika?"

"Imesikika," alisema Pandu kutoka injini, bila utani wowote.

"Imesikika," alisema Siwema, mikono yake ikiwa tumboni mwa mtu.

Zawena aligeuza ufunguo. Mashine iliuliza kama ana uhakika, kama alivyoifundisha iulize. Akageuza mara ya pili.

Wa kwanza ulikuwa mshindo wa mtambo. Taa zilififia na kurudi. Mchakacho ulipita mbio, wa juu kuliko alivyowahi kuusikia, ukawa karibu mlio, na mshindo wa pili ukaja tangini. Alihesabu kimoyomoyo. Kutoka tangini hadi ukumbini palihitaji sekunde moja nukta nane, na kati ya kombora la pili na la tatu palikuwa na sekunde mbili. Mwanya ulikuwa kama unene wa ukucha, na uji ukapita ndani yake. Ukuta nyuma ya bega lake uligonga kama ngoma iliyopigwa kwa nyundo. Vikombe viliruka kutoka sakafuni. Rangi ilibanduka darini ikaanguka juu ya majeruhi kama majivu. Ukuta ulikuwa umebonyea kiasi cha kiganja. Haukutoboka.

Katika mshindo huo huo ulikuwamo wa nne, kutoka mbele.

"Hiza?" aliita Siwema.

"Nipo. Nani kavunja vyombo?"

Zawena alibonyeza kitufe. "Uongozi, huku ukumbini. Sote saba wazima."

Hakujibiwa. Kwenye kioo, kipimo cha hewa cha chumba cha uongozi kilisoma sifuri. Aliita tena. Nyuma ya sauti yake mwenyewe alisikia mngurumo mdogo, wa vifaa tu.

Kisha laini ya nje ikafunguka, na ikasikika sauti ya mwanamke mzee kidogo, nahodha wa tishari la tatu, akisema kwamba wamepita mwamba, wote wazima, na kwamba Kipanga isimngojee mtu tena, ije.

"Napokea mimi," alisema Pandu. "Huku ni injini. Asante, mama." Halafu, kwa laini ya ndani: "Mhandisi, mkupuo mwingine utatoka baada ya dakika mbili. Umeme nimeurudisha kwa mkono huku huku, moto ninao. Nikiwasha tutakwenda mbele tulivyoelekea, na tulivyoelekea ni kwa Ngome. Unaweza kugeuza meli kutoka huko?"

"Hapana."

"Kutoka kokote?"

"Usukani uko kwao tu. Na ni wa mkono. Niliuondoa ule wa akiba kupunguza uzito."

Siwema aliacha mkasi hewani.

"Washa, Pandu," alisema Zawena. "Taratibu. Upe usukani mwendo wa kugeuza, kama yupo wa kuukamata."

Injini ziliamka. Meza ilitetemeka, na chupa ya dawa ikaanza kusogea peke yake kuelekea ukingoni, moja kwa moja, bila kupinda. Zawena aliitazama; meli ikigeuka, chupa ingepinda. Siwema aliitazama. Ilifika ukingoni, na Hiza akanyoosha mkono akaizuia.

Saa sita na dakika nane, kwa saa za Seresi, manowari Kipanga iligeuka kushoto nyuzi kumi na mbili, ikasita, ikaongeza nyingine kumi, na kuufuata mwamba.